Mzigo Hauna Jina

Saa moja na dakika kumi asubuhi magoti ya Jumwa Chengo yalianza kutetemeka, naye akamtukana Kapteni Lwitiko kimoyomoyo.

Walikuwa watatu ndani ya chombo, wamelazwa chali, mikanda imewabana kifuani, na chini ya migongo yao tani mia tatu za mafuta zinangoja cheche. Mtu yeyote mwenye akili zake timamu angeogopa. Lakini Kapteni alikuwa anapiga mluzi. Koku, mhandisi wao, binti wa Bukoba mwenye mtoto wa miaka miwili nyumbani, alikuwa anauliza kama kuna aliyekumbuka kufunga pilipili, maana chakula cha angani hakina ladha. Mwenye woga mle ndani alikuwa Jumwa peke yake. Aliogopa kwa niaba ya wote, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi iliyompandisha pale.

Nusu saa kabla ya hapo walikuwa wamekabidhiana kwa desturi. Kila mmoja aligusa kishikizo kidogo kilichobanwa nyuma ya sikio, akasema, "Nakutwika." Jumwa akaweka kiganja juu ya kigae kilichopandikizwa chini ya mtulinga wake, akajibu, "Nimepokea." Basi, woga ukawatoka ukamwingia yeye. Wanasayansi walihangaika miaka na miaka wakitafuta namna ya kuufuta woga, wakashindwa. Woga haufutiki. Unahamishika tu, na lazima upate pa kukaa.

Wanaofanya kazi hiyo huitwa wapagazi, kama wale wa misafara ya zamani. Wana kiapo kimoja, chenye maneno matatu: mzigo hauna jina. Mpagazi anaweza kusema amelemewa, anaweza hata kulia, lakini hasemi woga huu ni wa nani. Akisema, hakuna atakayemtwika tena maishani.

Si kwamba hawajui. Ukibeba muda mrefu unajifunza. Woga wa kufa hukaa magotini. Woga wa kuaibika huwasha masikio. Woga wa mzazi kwa mwanawe hukaa chini ya kitovu, na huo wa Koku ulikuwa pale tangu walipokabidhiana, mzito kama jiwe la kinu. Woga wa mtu mwenye uongo anayeogopa kufumaniwa, huo hukaa kooni, kama mwiba wa samaki, haushuki wala haupandi.

Haya, na magoti? Magoti alikwisha kuyaamua zamani. Yalikuwa ya Kapteni. Miaka sita amesafiri naye, miaka sita magoti yanagongana, na bwana mkubwa anapiga mluzi. Watu wa Marereni wakimwona wanasimama. "Shujaa!" Jumwa akisikia hivyo alikuwa anakaza midomo. Laiti wangejua shujaa wao anavyotetemekea mwilini mwa mtu mwingine.

"Mpagazi, taarifa," sauti ya Marereni, kituo cha kurushia, ikasema masikioni.

"Mizigo miwili. Imetulia."

"Safari njema."

Kisha chombo kikawaka. Si kelele ile, ni kipigo. Kiti kilimpiga mgongoni, kifua kikakandamizwa mpaka pumzi ikawa ya kuiba kidogo kidogo, meno yakagongana, na nje ya kidirisha bluu ya mbingu ikaanza kuiva kuwa nyeusi. Dakika nane na nusu kutoka ardhini mpaka kwenye mzunguko. Katika dakika hizo Jumwa alikufa mara nyingi. Alikufa kwa moto, akafa kwa kukosa hewa, akamwona mtoto asiye wake akilelewa na bibi. Mungu wangu, Mungu wangu, alisema, na Koku kando yake akacheka kwa furaha kama mtu aliye kwenye bembea.

"Tamu hii!" Koku akapiga kelele. "Kapteni, turudie tena!"

*

Injini zilipozima, kalamu ya Kapteni ikaelea mbele ya pua yake, na Jumwa akapata nafasi ya kuhangaika na jambo lake mwenyewe. Alikuwa na siri.

Kabla ya kila safari mpagazi hupepetwa. Hufungiwa peke yake katika chumba cha kuta nene, mbali na watu, mpaka woga wa wenzake wote umtoke. Kisha mpimaji huuliza kupitia tundu la ukutani: "Umebaki na nini?" Hakuna mashine ya kupima jibu hilo. Lako ndilo linaloandikwa. Mpagazi mzima hubaki mweupe, au hubaki na kitu kidogo anachokitambua kuwa chake. Asiyeweza kutofautisha chake na cha watu hahesabiwi kuwa mzima.

Jumwa alikaa mle saa nzima, peke yake, na magoti yakatetemeka saa nzima.

"Umebaki na nini?"

"Nimebaki mweupe," akasema.

Alijiambia ni makombo ya Kapteni, yaliyoganda mwilini kwa miaka. Labda. Lakini alidanganya kwa sababu nyingine. Wapagazi walioharibika hupelekwa kwenye nyumba moja tulivu karibu na Voi, na Jumwa aliwahi kwenda huko kumsalimia Bi Kwekwe, aliyemfundisha kazi. Alimkuta mama wa watu amejikunyata pembeni ya kitanda, anakiogopa kijiko. Kijiko kitupu, cha chai, kilichowekwa mezani. "Kiondoe, mwanangu," alikuwa anasema, "kiondoe, kiondoe." Jumwa alikiondoa. Usiku wa siku hiyo na nyingine nyingi hakulala.

Kwa hiyo alinyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo, analijua. Wewe umewahi kukiona kijiko kile?

*

Saa tano baadaye Ngome, kituo cha angani walichokuwa wanakiendea, ilitokea mbele yao. Kwanza ilikuwa punje ya mchele, kisha kidole, kisha nyumba nzima ya mabomba na mabawa ya kunasia jua, inaning'inia juu ya dunia bila kamba. Ndani yake mlikuwa na watu watatu: Daktari Shekue, mkuu wa kituo, na mafundi wawili. Mpagazi wao alirudishwa ardhini mgonjwa wiki tatu zilizopita, kwa chombo chao pekee cha kurudia, na tangu hapo kila mmoja alikuwa anaishi na woga wake. Jumwa alikuwa anakwenda kuwapokea mizigo yao. Viti vitatu vya nyuma vilifungiwa masanduku ya chakula chao, maana waliripoti kuwa akiba imebaki ya siku kumi na nne.

"Karibuni," sauti ya Daktari Shekue ikaja redioni. Ilikwaruza. Akakohoa. "Karibuni Ngome."

"Ahsante, Daktari. Chai iko jikoni?" Kapteni akauliza, akaurudia mluzi wake. Chombo kilikuwa kinajiendesha chenyewe kuelekea kwenye pete ya kuunganishia, nambari za umbali zinashuka kwenye kioo. Mita mia tatu. Mia mbili na hamsini. "Koku, mwendo huu wa kobe. Hatuwezi kuongeza kidogo?"

"Tuongeze tu, Kapteni. Nimechoka kukaa."

Wakaongeza. Jumwa akashika mkanda wake kwa mikono miwili. Watu wasio na woga ni wachangamfu kweli, lakini usiwape usukani.

Mita mia mbili ndio upeo wa kigae. Walipoupita, vishikizo vya watu wa Ngome vikakikuta kigae chake kiko wazi, vikamtwika bila kuuliza. Wa watu wawili ukaja pamoja: woga wa kufa, mkubwa, mbichi, ukajaa magotini juu ya ule uliokuwapo. Alitegemea hivyo, wiki tatu si mchezo. Kisha ukaja wa tatu.

Ukaenda moja kwa moja kooni.

Jumwa akajaribu kumeza. Mate hayakupita. Akajaribu tena.

"Daktari, utaratibu unataka niulize," Kapteni akasema. "Pete iko salama?"

"Salama kabisa." Sauti ya Daktari haikukwaruza tena. Ilikuwa laini, imenyooka, ya mtu aliyelala vizuri. "Ingieni tu."

Mwiba ukakaza mpaka machozi yakamtoka.

Anadanganya, Jumwa akawaza. Pete ile ina kitu. Akafungua mdomo, na hapo hapo wazo la pili likamshika kama mkono wa askari: mwongo wa kwanza humu ndani ni wewe. Nani ana uongo anaoogopa ufumaniwe? Nani alisema amebaki mweupe? Kama magoti yanaweza kutetemeka bila yeye kujua ni ya nani, koo je? Huenda Daktari wa watu hana neno. Huenda unakwenda kumpaka matope kwa woga wako mwenyewe.

Mita mia moja na ishirini.

Akisema na kumbe amekosea? Utaratibu ulikuwa wazi. Mpagazi akivunja kiapo anahesabiwa kuwa kifaa kilichoharibika. Safari inakatishwa, chombo kinarudi. Chombo kingine kingekuwa tayari baada ya siku arobaini. Watu watatu, chakula cha siku kumi na nne. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Na yeye Jumwa, moja kwa moja Voi, kwenye kijiko.

Akinyamaza na kumbe yuko sahihi? Wako sita, na nje ya bati hili hakuna hewa hata ya kupulizia mshumaa.

Mita themanini. Kapteni alikuwa amefika kwenye kiitikio cha wimbo wake.

Lahaula, mtu afanye nini? Jumwa akatafuta njia ya kujua, njia yoyote, na ilipomjia akatamani isingemjia. Woga wa kufumaniwa una tabia moja. Ukishajifumania mwenyewe, woga huo unakufa. Hauna tena cha kulinda.

"Kapteni," akasema. "Simamisha chombo."

"Kuna nini, dada?"

"Simamisha kwanza!"

Yeyote ndani ya chombo ana haki ya kusema neno hilo, na Kapteni, pamoja na mluzi wake, alikuwa mtu wa kanuni. Vijiinjini vya mbele vikafoka. Wakasimama mita thelathini kutoka kwenye pete, wanaelea. "Mafuta ya kusimama hivi ni dakika kumi," Kapteni akasema. "Zungumza."

Jumwa akabonyeza redio, ya Marereni na ya Ngome pamoja.

"Mimi ni Jumwa Chengo, mpagazi. Nilipopepetwa nilidanganya. Sikubaki mweupe. Magoti yangu yalitetemeka saa nzima na sijui ni kwa woga wa nani. Ni miezi minane sasa siwezi kutofautisha. Sikustahili kupanda chombo hiki."

Masikio yake yakawaka moto. Koku alimgeukia, mdomo wazi, kisha akajisogeza upande kidogo, kama watu wanavyomkwepa mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Hiyo ilimuuma. Lakini Jumwa hakuwa na nafasi ya kuumia. Alikuwa anasikiliza koo lake.

Mwiba ulikuwa pale pale. Haukulegea hata unywele.

"Kapteni Lwitiko," Marereni ikasema, kwa haraka. "Mpagazi ameharibika. Jiandae kurudi nyuma."

"Bado sijamaliza," Jumwa akasema. "Uongo wangu nimekwisha kuutapika, na koo bado limebanwa. Basi hili si langu. Ni la Daktari Shekue."

Kiapo kilikuwa kimevunjika. Hata Kapteni alishusha macho, kama mtu aliyemwona mkwewe akioga.

"Dada yangu," Daktari akasema kwa upole, "umechoka. Pole sana. Pete haina tatizo lolote."

"Daktari, nisikilize." Sauti ya Jumwa ilikuwa inakatika. "Sikulaumu. Ulikuwa unaogopa kusema. Lakini woga huo sasa ninao mimi, wote, umenikaba hapa. Wewe huna tena. Jitazame vizuri. Unaficha kwa mazoea tu. Kuna kitu gani kinachokuzuia?"

Redio ilivuma. Daktari Shekue akavuta pumzi, halafu akasema, kwa mshangao wa mtu aliyepapasa mfuko akakuta umetoboka:

"Hakuna. Kweli kabisa, hakuna."

Akasema yote, kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya hali ya hewa. Pete ilikuwa imepasuka. Siku kumi na moja zilizopita. Chombo cha mizigo kiliigonga, na aliyekuwa anakiongoza kwa mkono ni yeye, alipuuza onyo. Ufa ulikuwa na urefu wa kiganja. Mafundi wake walidhani Marereni inajua.

"Ningesema, mngekatazwa kuja," akamaliza. "Bora wafe watatu kuliko sita. Hata mimi ningeamua hivyo."

"Na tungeshikana na pete hiyo?" Kapteni akauliza.

"Pengine ingevumilia. Pengine ingefunguka tukamwagika nje sote."

Ule mwiba ukateleza, ukashuka, ukaisha. Jumwa akameza mate, ya kwanza baada ya dakika nyingi, akaanza kulia.

*

Kapteni alikuwa ameacha mluzi.

"Nilikuwa naingia pale," akasema taratibu, "nikipiga mluzi."

Marereni ilikuwa inaamuru warudi. Daktari alikuwa anaeleza, bado kwa utulivu ule wa kutisha, kwamba kuna mlango wa zamani upande wa nyuma, mzima, lakini hauna mitambo ya kuongoza. Atakayeufikia ataufikia kwa mkono na macho yake. Mafuta yalibaki ya dakika saba.

"Dada Jumwa," Kapteni akasema. "Woga wangu unao?"

"Ninao, Kapteni."

"Nirudishie. Mkono usioogopa siwezi kuuamini hapa."

"Kutua mizigo ni kwa wote. Kigae hakichagui, na kikishafunga hakipokei tena mpaka niseme."

"Basi tua kwa wote. Kila mtu aamue akiwa na lake."

Jumwa akaweka kiganja chini ya mtulinga. "Natua," akasema.

Koku alipiga yowe. Akajikunja ndani ya mikanda, akaita jina la mwanawe, akaliita tena na tena. Redioni mtu alikuwa analia kwa kwikwi, na Jumwa alijua ni Daktari. Kapteni Lwitiko yeye aliwaka masikio, mekundu, na jasho likamtoka kwenye paji la uso. Masikio tu. Mzigo wake ulipotoka Jumwa alisikia ulikotoka: pembeni mwa kichwa, mdogo, wa mtu anayeogopa kuwaangusha wanaomtegemea. Huo ndio woga wote aliokuwa nao.

Na magoti ya Jumwa yaliendelea kutetemeka.

Akayatazama. Akasubiri. Tumbo lilikuwa jepesi, koo jeupe, masikio yamepoa, hakukuwa na mzigo wa mtu hata mmoja mwilini mwake. Magoti yakagongana. Miaka sita alimdharau mwanamume wa watu, kumbe! Woga ule ulikuwa wake. Ulikuwa wake tangu siku ya kwanza.

"Kapteni," akanong'ona, "unisamehe."

"Kwa lipi?"

"Baadaye."

"Koku," Kapteni akasema. "Tunarudi au tunakwenda? Sema ukweli."

Koku alijifuta pua kwa mkono, machozi yakaelea usoni pake kwa matone. "Naogopa, Kapteni. Naogopa sana. Nina mtoto." Akavuta kamasi. "Lakini mle mna watu. Nenda polepole. Tafadhali, nenda polepole."

Alikwenda polepole. Mikono yake ilitetemeka, kwa hiyo kila alipogusa usukani aligusa kidogo, akaacha, akatazama, akagusa tena. Koku alimsomea umbali kwa sauti iliyopasuka. Mita kumi na mbili. Sita. Hakuna aliyesema neno la ziada. Ukuta wa Ngome ulijaza kidirisha chote, karibu mpaka zikaonekana skrubu zake. Mita moja. Mafuta ya dakika moja na nusu. Jumwa alifumba macho, akafumbua, maana gizani kulikuwa kubaya zaidi.

Chombo kikagusa. Kulabu ya kwanza ikashika, tak. Ya pili. Ya tatu ikasita, Koku akasema "Ee Mungu", ikashika. Nne, tano, sita.

Hawakushangilia. Kapteni alilaza kichwa juu ya usukani, mabega yakamtikisika.

Hewa ilipolingana, mlango ukafunguliwa kwa upande wa pili. Daktari Shekue alikuwa pale, mtu mzima mwenye mvi, uso umelowa, mafundi wake wawili wamemshika huku na huku. Hakuweza kumtazama Jumwa. Mkono wake ulikwisha kufika nyuma ya sikio, kwenye kishikizo, vidole vinacheza.

"Mpagazi," Marereni ikasema, "kwa dharura umeruhusiwa kuendelea na kazi. Pokea mizigo yote sita, uthibitishe."

"Wengine ni watano, Marereni. Wa sita ni mimi."

"Pokea mitano, basi. Thibitisha."

"Nakutwika," Daktari akasema, kwa sauti ya kuomba. "Dada yangu, nakutwika."

Jumwa alishika magoti yake kwa viganja viwili. Yalikuwa bado yanatetemeka, naye akayashika hivyo hivyo, bila kumtukana mtu.

"Ngoja kwanza, Daktari," akasema. "Nimebeba wangu."